Tao la Mtakatifu Marta

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Absalom Khaemba hufungua mlango mkubwa wa kanisa la Mtakatifu Marta, huvua kofia, huchovya kidole kwenye maji ya baraka, kisha hutembea kwenda altareni akikata upande. Njia ya katikati ni pana, watu wanne wanaweza kuipita bega kwa bega. Yeye huanzia ukingo wake wa kushoto, karibu na benchi la mwisho, na kufikia altareni akiwa ukingo wa kulia. Hapo hupiga goti, huinuka kwa kushika benchi, na kwenda kuwasha taa.

Akina mama wanaokuja kufagia wamemzoea.

"Mzee ameamkia chang'aa leo," mmoja husema.

"Wacha bana, si ni miguu. Ngoja ufike sitini na nane uone kama utatembea straight."

Absalom huwasikia akiendelea na taa zake. Yeye ndiye mtunzaji wa kanisa sasa. Kabla ya hapo alikuwa fundi mkuu aliyelijenga, na kabla ya hapo alikuwa fundi wa nyumba za watu, shule na maghala ya mahindi kuanzia Kitale hadi Chwele. Hapa nje ya mji, kwenye barabara ya kwenda Endebess, ukimtaja kwa jina tu watu huuliza, "Fundi?" Ukisema ndiyo, wanakuonyesha kwake.

Kanisa lenyewe ni kubwa. Kuta ni za mawe ya kuchongwa, paa ni la chuma na mabati mekundu, minara ni miwili, madirisha yana vioo vya rangi, na kwaya ina roshani yake juu ya mlango. Wageni wakija kwa harusi hupiga picha nje na ndani. Wakiambiwa kwamba fundi ni yule mzee mwenye funguo, humpa mkono. Hakuna atakayewaambia kwamba ndani ya jengo hili palikuwa na jengo jingine, dogo, na kwamba watu walisali ndani ya lile dogo huku hili likipanda kulizunguka.

Lile dogo lilijengwa mwaka 1966. Familia nyingi zilikuwa zimefika juzi kutoka Bungoma, zikanunua kwa ushirika shamba la mzungu aliyeondoka. Nyingine zilikuwa za hapa hapa, za watu wa mlimani waliokuwa vibarua wa shamba hilo. Hazikuwa na lugha moja. Padre wa wakati huo aliwaambia kila nyumba ilete matofali mia mbili ya kuchoma, na kila nyumba ikaweka alama yake kwenye udongo mbichi ili watu wasigombane. Wengine walibonyeza gunzi la mahindi, wengine kifuniko cha soda, wengine kidole. Absalom alikuwa na miaka kumi, kazi yake kuteka maji mtoni. Dada yake Nasike alikuwa na miaka kumi na sita na alikanyaga udongo pamoja na wasichana wengine, magoti yakiwa mekundu. Aliyejaza forma zao, vile visanduku vya mbao vya kufyatulia matofali, alikuwa kijana aliyeitwa Zachary, ambaye hakuwa na nyumba bado lakini alisisitiza kuhesabiwa kama nyumba.

"Nyumba yako iko wapi?" Nasike alimuuliza mbele ya watu.

"Inakanyaga udongo," Zachary akasema.

Wasichana walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye shimo. Mwaka uliofuata walioana chini ya tao.

Tao lilikuwa mbele ya altare, la matofali matupu bila plasta, na lilikuwa kitu pekee cha fahari katika jengo lile. Kuta zilikuwa za matofali na udongo, sakafu ya saruji iliyopasuka, madirisha bila vioo, kengele ya ringi ya gurudumu la lori. Lakini tao lilijengwa kwa tofali moja kutoka kila nyumba, alama zikitazama nje, matofali arobaini na moja. La Zachary lilikuwa la tatu juu ya mguu wa mawe wa upande wa kulia, lenye mashimo matatu ya dole gumba. Ukiwa umepiga magoti ulikuwa unalitazama usoni.

Mwaka 1992, wakati wa vita vya mashamba kati ya watu wa huku na wa mlimani, Zachary alitoka asubuhi kwenda kuwarudisha ng'ombe wake wawili waliokuwa kwa rafiki upande wa mlima. Hakurudi. Hakuna aliyeuona mwili, hakuna aliyesema alipoanguka au kama alianguka. Familia kadhaa zilihama na hazikurudi tena, za huku na za kule, na matofali yao yakabaki taoni. Wazee wa ukoo walipomwambia Nasike wafanye matanga ili mambo yaishe, aliwauliza wanazika nini. Tangu siku hiyo alikaa benchi la kwanza, kulia, ingawa huo ulikuwa upande wa wanaume. Wakati wa komunyo aliinua mkono na kugusa yale mashimo matatu, kisha akarudi kukaa. Kufikia mwaka 2016 alikuwa amefanya hivyo miaka ishirini na minne.

Kwa hiyo parokia ilipoamua kujenga upya, swali la Nasike lilikuwa moja tu. Aliliuliza kwa mdogo wake, jikoni kwake, akimpakulia ugali.

"Na tao?"

"Tao linabaki. Tunajenga kuzunguka, tukimaliza tunatoa kuta za zamani kupitia mlango mpya. Tao litasimama ndani, mbele ya altare kama kawaida."

"Umeambiwa ama umesema?"

"Nimeweka kwa ramani, dada. Fadha ameona, kamati imeona."

"Ramani si karatasi? Nataka kutoka kwa mdomo yako."

"Nimesema. Tao haliguswi."

Nasike alimsukumia bakuli la mboga. "Basi kula."

Ahadi ile haikuishia jikoni. Watu wa jumuiya nyingi walikuwa na wasiwasi juu ya matofali yao, na Nasike ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia wakubali, kwa sababu mdogo wake amesema. Mzee mmoja wa mlimani, Kiptum, ambaye familia yake ilikuwa na tofali la kileleni, alikubali kwa sharti kwamba Nasike mwenyewe awe amesikia kwa masikio yake. Nasike alimhakikishia.

Kujenga kanisa kuzunguka kanisa ni kazi ya kawaida pande hizi. Waumini hawana mahali pengine pa kusali, na hema hupasuka kwa mvua. Ugumu wake ni kwamba kitu kilicho katikati kinakuzuia kuvuta kamba. Fundi hawezi kusimama kona hii akaiona kona ile. Anapima kwa kufuata ukuta uliopo. Upande wa wanaume wa kanisa dogo kulikuwa na sakristia, tangi la maji na ua wa michongoma. Kuviondoa kungechukua siku mbili. Upande wa wanawake, wa kushoto, ulikuwa wazi. Absalom alipima kutoka ukuta wa wanawake, futi kumi na sita nje, mwanzo na mwisho, akapiga vigingi, akaanza kuchimba.

Ukuta ule haukuwa wa mwaka 1966. Ule wa kwanza ulianguka kwa mvua mwaka 1979, na aliyeujenga tena alikuwa Absalom, akiwa na miaka ishirini na mitatu, ndio kwanza ametoka kujifunza ufundi. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kulipwa. Hakupima kama umelingana na mwenzake wa upande wa pili. Ulikuwa umefunguka nje kadiri ulivyokwenda altareni, futi mbili na ushee, kitu ambacho jicho halikuona kwa sababu ya mabenchi na watu. Miaka thelathini na saba baadaye aliuamini kuliko ukuta mwingine wowote kwa sababu ulikuwa wake.

Aligundua mawe yalipofika usawa wa madirisha. Ilikuwa Jumatatu, kanisa dogo tupu. Alifungua milango yote na kuvuta kamba kutoka katikati ya mlango mpya, ikapita ndani ya mlango wa zamani, ikaenda kugusa msalaba wa zege mahali pa altare mpya. Kamba ilipaswa kupita katikati ya tao. Ilipita karibu na mguu wake wa kushoto. Alidhani kigingi kimesogea. Alivuta tena. Kisha akapima tao na ukuta wa wanaume, uliojengwa na wazee wa kwanza kwa kamba ya mkonge, na vyote viwili vikapatana kama meza na mguu wake. Akapima tao na ukuta wa wanawake, ule wake mwenyewe, navyo havikupatana. Akakaa chini.

Akiwa bado amekaa, Tarsem aliingia. Tarsem ana duka la vyuma na misumari mjini Kitale, kama baba yake kabla yake, na alikuwa amekuja kuangalia vipimo vya chuma cha paa. Alifuata kamba kwa macho, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule.

"Fundi," akasema, "hizi kanisa mbili haziangaliani. Ni kama bwana na bibi wamenuniana kitandani."

Absalom aliinuka akijipangusa suruali. Alicheka.

"Si unajua wazee wa zamani, Tarsem. Hawakuwa na pima maji. Wamejenga tao limepinda."

"Ati limepinda? Hawa watu baba yangu aliwauzia misumari. Alikuwa anasema walikuja kurudisha kamba mara tatu ati imevutika. Walipima mpaka akachoka na wao."

"Basi walipima vibaya mara tatu."

Tarsem alimtazama kidogo, akaandika vipimo vyake, akaondoka. Absalom alikunja kamba. Wakati huo bado kulikuwa na namna. Ngazi za altare hazikuwa zimemwagwa. Zingesogezwa kulia, tao likabaki katikati yake, na atakayeuliza angeambiwa ukweli, kwamba kanisa jipya limekaa upande kidogo na la zamani liko sawa. Alihitaji kusema maneno hayo kwa kamati tu. Jumanne alikuja kazini akaendelea na mawe. Jumatano vilevile. Wiki ya tatu ngazi zilimwagwa mahali ramani iliposema, na yeye ndiye aliyeshika mwiko.

Mwaka 2019 paa lilikamilika na kuta za zamani zikavunjwa. Vibarua walizitoa kwa mikokoteni kupitia mlango mpya, siku nane, na vumbi likawa kwenye kila kitu. Tao likabaki peke yake katikati ya ukumbi ule mkubwa, na sasa kila mtu aliliona. Mguu wake mmoja ulisimama mbele ya ngazi, mwingine nje yake kabisa. Ukikaa mabenchi ya nyuma, msalaba wa altare ulikatwa nusu.

Kamati ilikutana palepale, viti vya plastiki vikiwa vimepangwa kwenye vumbi. Paroko, Fadha Kimeli, alikuwa kijana mwenye haraka, na askofu alikuwa tayari ametoa tarehe ya kubariki kanisa.

"Mimi sitaki kuvunja kitu cha wazee," Fadha alisema. "Lakini nitasomaje misa watu wakiona kichwa changu upande mmoja?"

Mwenyekiti alimgeukia Absalom. "Fundi, si wewe ulimwambia Tarsem hili tao lilijengwa limepinda? Ati wazee hawakuwa na pima maji? Mji mzima unajua."

Watu walicheka. Kiptum hakucheka. Alikuwa amekaa mwisho wa mstari, fimbo kati ya magoti.

"Baba yangu aliweka tofali ya juu," alisema. "Alitupa timazi kutoka hapo mpaka chini, nikiona. Absalom, wewe pia ulikuwa, ulibeba maji. Hili tao limepinda?"

Nasike hakuwa kwenye kamati, lakini alikuwa amesimama mlangoni na akina mama walioleta chai, birika mkononi.

"Limepinda," Absalom alisema.

"Haya," mwenyekiti akasema. "Na ni nani anaweza kulitoa bila kuumiza mtu?"

Hilo nalo lilikuwa na jibu moja. Tao haliangushwi na kibarua yeyote. Lazima kwanza litegemezwe kwa fremu ya mbao, tofali la kileleni litolewe polepole, kisha uje chini pande zote mbili kwa zamu. Absalom alilitengenezea fremu siku mbili. Siku ya tatu alilipanda.

Nasike alikuja asubuhi hiyo. Hakulia wala kupiga kelele. Alisimama chini ya kiunzi na kumwita.

"Mtoto wa mama."

"Dada, toka hapo, kuna hatari."

"Ulisema haliguswi."

"Kamati ndiyo imeamua."

"Kamati haikuja kwa jikoni yangu. Wewe ulikuja. Ulikula."

"Dada, limepinda. Ungependa nifanye nini?"

"Miaka ishirini na saba nimeliangalia kuliko mtu yeyote kwa hii parokia. Nimelihesabu wakati wa mahubiri, tofali kwa tofali. Halijapinda." Aliinua uso kumtazama. "Niambie tu limepinda ukiniangalia."

Absalom alikuwa na nyundo na patasi mkononi. Aliangalia tofali.

"Nenda nyumbani, Nasike," akasema.

Alienda. Wiki hiyohiyo alifunga mizigo akahamia Myanga, upande wa Bungoma, kwa binti yake Naliaka aliyeolewa huko. Shamba aliliacha kwa watoto wa kiume. Siku ya askofu hakuja. Kiptum alikuja, akakaa nje kwenye nyasi misa nzima na wanawe wawili, na wengine wachache wenye matofali wakakaa naye. Padre alidhani ndani kumejaa.

Matofali ya tao yalitakiwa kuwekwa kando. Hilo nalo lilikuwa limesemwa. Lakini lori la kokoto lilikwama mlangoni siku mbili kabla ya sherehe, na vibarua, wakitafuta kitu cha kutupa chini ya magurudumu, walichukua kilichokuwa karibu. Absalom alipofika, arobaini yalikuwa yamesagwa kwenye tope. Tofali la Zachary alikuwa amelichukua kwake tangu siku ya kwanza, amelifunga kwa gunia.

Alilipeleka Myanga mwenyewe. Naliaka alimpa kiti nje. Nasike alitoka, akatazama gunia likifunguliwa, akayaona mashimo matatu.

"Nimekuletea," Absalom alisema. "Hili halikupotea."

"Nitafanyia nini?"

"Ni la Zachary, dada."

"Najua ni la nani. Nilikanyaga huo udongo." Hakunyoosha mkono. "Pale lilikuwa limesimama na watu arobaini. Mtu akiingia anauliza hizi ni nini, anaambiwa, hii ni ya fulani, hii ni ya fulani. Hapa ni tofali. Niegemeze mlango nayo?"

"Basi niliweke wapi?"

"Ulipokuwa unalitoa hukuniuliza."

Aliingia ndani. Absalom alikunywa chai ya Naliaka kwa sababu ilikuwa imeshamiminwa, akaliacha tofali kando ya ukuta, chini ya michirizi ya bati, akarudi Kitale. Naliaka anasema bado liko pale. Mama yake halisogezi na haruhusu mtu kulisogeza.

Hayo yalitokea miaka mitano iliyopita. Tangu hapo Nasike hapokei simu ya ndugu yake. Akifika Chwele sokoni na kumkuta huko, huvuka upande wa pili, kwa wauza vitunguu. Ana miaka sabini na minne na mguu mmoja umevimba. Absalom anajua, kama kila mtu anavyojua, kwamba huenda atakayempigia simu mara ijayo kutoka Myanga atakuwa Naliaka, na habari haitakuwa ya kusameheana.

Absalom alikubali kunisimulia maisha yake ili niyaandike, kwa sharti kwamba hili la kamba lisiachwe nje. Hakuwa amelisema kwa mtu yeyote, hata kwa marehemu mke wake, hata kwenye kitubio. Tarsem peke yake ndiye aliyeiona kamba, na Tarsem ni mtu wa kuuza misumari, haulizwi habari za kanisa.

"Mimi nikimwambia hatasikia," alisema. "Lakini Naliaka anasoma. Atamsomea. Wacha ajue alikuwa anaona vizuri. Ajue halikupinda, mimi ndio nilipindisha hii." Alionyesha kuta, minara, roshani ya kwaya, yote, kwa mkono mmoja. "Kila asubuhi nikiingia naona. Njia ya ukweli inapita hapa." Kwa kidole alichora angani mstari kutoka benchi la mwisho kushoto hadi ukingo wa kulia wa ngazi. "Nikitembea katikati kama watu, ni kama nawadanganya tena."

Tulikuwa tumekaa benchi la kwanza, kulia. Alikuwa ameeleza kila kitu kwa mpangilio, kama mtu anayekabidhi kazi: udongo, maji, ukuta wa 1979, vigingi, kamba, fremu, lori. Hakujitetea popote. Lakini kulikuwa na wiki tatu katikati, kuanzia Jumatatu ile ya kamba hadi siku zege la ngazi lilipomwagwa, ambazo alizipita kwa sentensi moja. Wiki tatu ambazo neno moja lingeokoa tao, lingemweka Zachary mahali pake, na Nasike angekuwa amekaa hapa leo. Kamati isingemfukuza, hawakuwa na fundi mwingine. Fadha angekasirika kwa siku moja. Wala hakuna pesa ambayo ingepotea, kwa kuwa ngazi zilikuwa bado mbao tupu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema katika zile wiki tatu.

Absalom aligeuza funguo za kanisa mkononi.

"Niliogopa kuchekwa," akasema.